Fridtjof Nansen na Merikebu Yake Fram

Katika nchi ya Norwe, iliyo kaskazini kabisa ya Ulaya, majira ya baridi ni marefu, na theluji hufunika mashamba na misitu kwa miezi mingi. Watu wa huko hufunga miguuni mbao mbili ndefu, nyembamba, zilizopinda kwa mbele, wakateleza juu ya theluji upesi kuliko mtu akimbiaye. Katika nchi hiyo, karibu na mji ulioitwa wakati ule Christiania, nao leo huitwa Oslo, alizaliwa Fridtjof Nansen tarehe 10 Oktoba mwaka 1861. Baba yake alikuwa mwanasheria, mtu mwenye kushika sana wajibu wake. Na mama yake alikuwa mwanamke hodari aliyependa mwenyewe kuteleza juu ya theluji, ingawa siku zile wengi hawakuona kuwa jambo hilo lamfaa mwanamke. Mtoto naye akakua akizoea kulala msituni, kuvua samaki na kuvumilia baridi na njaa.

Alipokuwa kijana alisoma elimu ya wanyama. Mwaka 1882 alipewa nafasi katika merikebu iliyokwenda kuwinda sili, wale wanyama wa bahari ya baridi wenye manyoya na mafuta mengi. Merikebu ile ilikamatwa na barafu mbele ya pwani ya mashariki ya Greenland, ikakaa siku nyingi bila kuweza kwenda mbele wala nyuma. Mabaharia walinung'unika kwa hasara yao. Nansen alikuwa akiitazama milima ya nchi ile ambayo hakuna mtu aliyepata kuivuka, tena akiangalia jinsi barafu inavyosafiri, kwani haikukaa mahali pamoja. Ilikuwa ikiichukua merikebu pamoja nayo.

Aliporudi alifanya kazi katika nyumba ya elimu mjini Bergen, akichungua mishipa ya fahamu ya wanyama wadogo wa bahari. Lakini Greenland haikumtoka moyoni. Kisiwa hicho ni kikubwa kupita visiwa vyote vya dunia, na sehemu yake kubwa imefunikwa na barafu nene kama milima. Wasafiri waliotangulia walianza safari zao upande wa magharibi, ambako kuna nyumba na watu, na shida ilipowazidi walirudi walikotoka. Nansen aliwaza kinyume chao. Yeye angeanzia mashariki, ambako wakati ule hakukuwa na kituo wala akiba. Akishafika huko, usalama wake wote utakuwa mbele yake, na nyuma hapana kitu. Watu wengi walisema kuwa ni wazimu.

Mwaka 1888 alikwenda na wenzake watano, wawili kati yao wakiwa Wasami, watu wa kaskazini wafugao kulungu. Barafu ya bahari iliwachukua kusini siku nyingi kabla hawajapata kukanyaga nchi kavu. Tarehe 15 Agosti walianza kupanda, wakivuta mizigo yao wenyewe juu ya sleji, yaani magari yasiyo na magurudumu. Walipita katika baridi ya digrii 40 na zaidi chini ya sifuri, na mwanzoni mwa Oktoba Nansen na mwenzake mmoja waliingia mji wa Godthaab, upande wa magharibi, kwa mashua waliyoishona kwa turubai ya hema. Merikebu ya mwisho ya mwaka ilikuwa imekwisha ondoka, nao walilazimika kukaa huko mpaka mwaka 1889. Hasara hiyo ilileta faida. Nansen alijifunza kwa wenyeji, Wainuiti, jinsi ya kuendesha mtumbwi wao mwembamba uitwao kayaki, na jinsi ya kuishi kwa vitu vipatikanavyo katika nchi ya barafu. Kama hangalijifunza hayo, hangaliweza kurudi hai katika safari yake ya pili.

Safari hiyo ya pili ilianza kwa suruali ya baharia. Mwaka 1881 merikebu ya Kimarekani, jina lake Jeannette, ilisetwa na barafu ikazama kaskazini ya Siberia. Miaka mitatu baadaye vitu vya mabaharia wake, pamoja na nguo na karatasi, vilionekana juu ya barafu karibu na pwani ya Greenland, upande wa pili kabisa wa ile bahari. Profesa Mohn wa Christiania aliandika kwamba hapana njia ya vitu hivyo kufika huko ila kwa kuchukuliwa na barafu kupita karibu na ncha ya dunia. Nansen alisoma habari hizo, akafanya shauri lake. Ikiwa barafu yaweza kuchukua suruali, kwa nini isichukue merikebu? Majahazi ya pwani yetu huingoja kaskazi na kusi, wala nahodha mwenye busara hashindani na majira. Nansen naye alitaka kuingia katika barafu kwa hiari yake, akae humo, na kuchukuliwa.

Wasafiri wa baharini waliokuwa mashuhuri, wa Uingereza na wa Marekani, walikataa shauri hilo. Walisema kwamba merikebu yo yote itasetwa kama yai. Maneno yao hayakuwa ya kijinga, kwa kuwa wao wenyewe waliona merikebu zikivunjika. Lakini serikali ya Norwe ilitoa fedha, na fundi mmoja, Colin Archer, akaunda merikebu ambayo mfano wake haujapata kuonekana. Ilikuwa fupi na pana, yenye urefu wa mita 39 na upana wa mita 11. Ubavu wake ulikuwa wa mviringo na laini, ili barafu ikiubana isipate pa kushika, bali iiinue merikebu juu. Mataruma yake yalikuwa ya mwaloni, yamepangwa karibu karibu, na ndani ilitiwa nguzo nyingi za kuizuia isibonyee. Katika bahari iliyo wazi ilisukwasukwa vibaya, hata mabaharia wa miaka mingi wakaugua. Lakini haikuundwa kwa bahari iliyo wazi. Iliitwa Fram, maana yake ni mbele.

Tarehe 24 Juni mwaka 1893 Nansen aliondoka Christiania, akimwacha mkewe Eva na binti yao wa miezi mitano. Watu wa merikebu walikuwa 13 kwa jumla, na nahodha alikuwa Otto Sverdrup, mmoja wa wale waliovuka Greenland. Walikuwa na chakula cha miaka mitano. Mwezi wa Septemba, kaskazini ya Siberia, barafu iliwafunga. Siku moja ilianza kusukumana kwa kishindo kama radi, vipande vikapandana kuzunguka merikebu, na watu wote wakangoja kuona kama Archer alijua kazi yake. Fram ikalia mbao zote, kisha ikainuka polepole na kukaa juu ya barafu. Tangu siku ile wakazoea, hata wakaweza kula chakula chao wakati barafu inguruma nje.

Basi wakawa wakichukuliwa. Pengine upepo uliwarudisha nyuma, na baada ya majuma mengi walijikuta pale pale walipoanzia. Jua lilipotea kwa miezi. Kinu cha upepo kilichosimamishwa juu ya sitaha kiliwapa taa za umeme gizani. Usidhani kwamba walikaa bure. Mchana na usiku, kwa zamu, walisoma kipimajoto, wakaandika upepo na mawingu, wakapima unene wa barafu, wakatoboa tundu na kuteka maji ya vilindi mbalimbali ili kujua joto lake na chumvi yake. Ni kazi ya kuchosha, nayo haina sifa. Mtu hutoka katika joto akaenda gizani, katika baridi ya digrii 40, ili aandike tarakimu chache kitabuni, na kesho yake hufanya vivyo hivyo, na kesho kutwa vilevile. Wala hapakuwa na mtu wa kujua kama siku moja angaliruka akaandika tarakimu za kubuni.

Tarakimu hizo ziligeuza elimu ya bahari ile. Wataalamu walidhani kuwa bahari ya kaskazini ni ya kina kifupi. Fram iliposhusha bildi yake, kamba ilikwisha wala haikugusa chini. Ikawa lazima wafumue waya za kamba ya chuma ya merikebu, wazisokote upya, na ndipo walipopata kina cha mita zaidi ya 3,000. Tena waliona kwamba chini ya maji ya baridi ya juu, kuanzia mita 200 hivi, yapo maji yenye joto kupita sifuri. Hayo hutoka bahari ya Atlantiki, hupita pwani ya Norwe, kisha huzama chini ya maji mepesi ya baridi yaliyo karibu na barafu. Jambo la tatu Nansen aliliona kwa kulinganisha vitabu vyake: barafu haikufuata upepo sawasawa, ila daima ilikwenda kuume kwake. Akafahamu kuwa sababu yake ni dunia kuzunguka, na baadaye kijana wa Kiswidi, Ekman, akalithibitisha kwa hesabu. Hata leo hesabu hizo hutumika kueleza jinsi upepo unavyoendesha maji ya bahari zote, pamoja na Bahari ya Hindi.

Lakini Nansen hakuwa mtu wa kungoja tu. Alipoona kuwa merikebu haitafika kwenye ncha yenyewe, aliamua kwenda kwa miguu. Shauri hilo lilikuwa zito, kwa sababu aliyeiacha Fram hawezi kuirudia. Itakuwa imekwisha hama pamoja na barafu yake, wala hapana awezaye kuitafuta. Alimchagua mtu mmoja, Hjalmar Johansen, ambaye alitamani safari hii hata akakubali kazi ya kutia makaa katika tanuri ya merikebu. Tarehe 14 Machi mwaka 1895, baada ya kujaribu mara mbili na kurudi kwa uzito wa mizigo, waliondoka na mbwa 28, sleji tatu na kayaki mbili. Watu 11 walibaki merikebuni, Sverdrup akiwa mmoja wao.

Mwanzoni walikwenda vizuri, kisha barafu ikawa mbaya, vilima juu ya vilima, kama mawe ya nyumba zilizoanguka. Nguo zao zililoa jasho zikaganda mwilini, na kila usiku iliwapasa kuziyeyusha kwa joto la miili yao katika fuko la kulalia. Jambo baya zaidi walilitambua walipopima mahali walipo: wao walikuwa wakienda kaskazini, na barafu waliyoikanyaga ilikuwa ikienda kusini. Mapema Aprili walifika digrii 86 na dakika 14. Kabla yao hapana mwanadamu aliyejulikana kufika mbali hivyo. Waliokuwa wa kwanza waliachwa nyuma kwa karibu digrii tatu. Mpaka ncha ya dunia zilibaki maili zaidi ya 200. Chakula kilihesabika, na mbwa walikuwa wakipungua. Nansen, ambaye huko Greenland alijifungia njia ya kurudi ili asiweze kurudi, sasa aligeuza sleji zake kuelekea kusini. Mimi naona kwamba siku hiyo ilihitaji ushujaa kuliko ile ya Greenland.

Katika safari ya kurudi walichoka hata wakasahau kutia ufunguo saa zao, zikasimama zote mbili. Asiye na saa ya kweli baharini hawezi kujua umbali wake mashariki wala magharibi. Basi tangu siku ile walikwenda kwa kukisia. Mbwa mmoja baada ya mmoja alichinjwa ili kuwalisha wenzake. Walipofika penye maji wazi mwezi wa Agosti walikuwa wamebaki wawili tu, na kila mmoja wao alimpiga risasi mbwa wa mwenzake, maana hapana aliyeweza kumwua wa kwake.

Wakafika katika visiwa vya Franz Josef, wasijue kwa yakini ni nchi gani. Baridi ikawazuia. Walichimba shimo, wakajenga kuta za mawe, wakaezeka kwa ngozi za wanyama wakubwa wa bahari wenye meno mawili marefu kama pembe za ndovu, na humo wakakaa miezi tisa. Asubuhi walikula nyama ya dubu iliyochemshwa, jioni nyama ya dubu iliyokaangwa, na taa yao ilikuwa ya mafuta ya wanyama hao. Walikuwa weusi kwa masizi, wala hawakuwa na kitabu ila kalenda na orodha za nyota. Katika lugha ya Norwe ziko namna mbili za kumwita mtu wewe, moja ya heshima na moja ya udugu. Watu hawa wawili, waliolala katika fuko moja na kuokoana mautini, waliendelea kuitana kwa heshima mpaka siku ya mwisho ya mwaka 1895, ndipo walipokubaliana kuitana kama ndugu.

Mwezi wa Mei 1896 waliendelea na safari, na tarehe 12 Juni nusura yote yapotee. Walikuwa wamefunga kayaki zao pamoja na kupanda juu ya kilima cha barafu ili kutazama njia. Kamba ikakatika, kayaki zikaanza kwenda na upepo, na ndani yake vilikuwamo vyakula vyao, bunduki na kila kitu. Nansen alivua baadhi ya nguo zake akajitupa katika maji ya barafu. Aliogelea mpaka mikono ikafa ganzi, na Johansen alisimama ukingoni asiweze kufanya lo lote. Hatimaye Nansen alishika kayaki, akajivuta ndani kwa shida kubwa, akazirudisha. Tena akiwa anatetemeka vile vile alipiga risasi ndege wawili wa kitoweo.

Siku tano baadaye alisikia mbwa wakibweka. Akaenda kwa mbao zake za kuteleza, akakutana na mtu aliyevaa nguo safi. Huyo alikuwa Mwingereza Frederick Jackson, aliyekuwa akichunguza visiwa hivyo, naye alipata kumwona Nansen huko London. Ilichukua muda hata akamtambua chini ya masizi na nywele. Walipopimwa ilionekana kwamba watu hawa waliodhaniwa kufa walikuwa wamenenepa. Merikebu ya Jackson iliwachukua hata mji wa Vardø, nao walifika tarehe 13 Agosti. Kwa bahati, Profesa Mohn, yule aliyeandika habari za suruali, alikuwa mjini humo siku ile ile.

Furaha ya Nansen haikuwa kamili, kwa kuwa hapakuwa na habari za watu 11. Siku chache zilipita. Tarehe 20 Agosti ikaja simu kutoka kwa Sverdrup: Fram imefika Norwe, na wote ni wazima. Ilikuwa imetoka katika barafu siku ile ile Nansen alipofika Vardø, baada ya kuchukuliwa karibu miaka mitatu, mahali alipotazamia yeye.

Mambo mengine ya maisha yake yangetosha kitabu kizima. Alikuwa profesa wa elimu ya bahari, na kwa miaka miwili alikuwa balozi wa Norwe mjini London. Mwishoni mwa wakati huo, mwaka 1907, mkewe Eva alifariki. Baada ya vita kuu ya kwanza Shirika la Mataifa lilimpa kazi ya kurudisha makwao wafungwa wa vita, naye akawarudisha watu zaidi ya 400,000. Akawasaidia wenye njaa wa Urusi, na kwa wakimbizi wasio na nchi alianzisha mwaka 1922 hati ya kusafiria iliyoitwa kwa jina lake. Mwaka huo huo alipewa Nishani ya Amani ya Nobel. Alikufa nyumbani kwake tarehe 13 Mei mwaka 1930, akazikwa katika bustani yake.

Vile vitabu vya tarakimu havikufa. Katika mwaka 1896, Fram iliporudi, mtaalamu wa Kiswidi Svante Arrhenius alitangaza hesabu yake kwamba hewa itokanayo na makaa ya mawe, ikizidi angani, itaongeza joto la dunia. Hapana aliyefikiri wakati huo kuwa mambo hayo mawili yatakutana. Lakini makaa na mafuta yamechomwa kwa wingi tangu siku zile, na nchi za kaskazini zimepata joto upesi kuliko sehemu nyingine za dunia. Barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua juu, na maji meusi huumeza. Kwa hiyo barafu ikipungua, joto huzidi, na joto likizidi, barafu hupungua. Mwezi wa Septemba mwaka 1979 barafu ya bahari ile ilienea kilomita za mraba kama milioni 7. Septemba mwaka 2012 zilikuwa milioni 3.4.

Ili kujua jinsi hali ilivyobadilika, wataalamu wa siku zetu wamefuata njia ya Nansen. Merikebu ya Kifaransa, Tara, ilijiacha ikamatwe na barafu mwezi wa Septemba mwaka 2006, si mbali na ilipokamatwa Fram, nayo ilitoka Januari mwaka 2008. Kwa safari iliyoichukua Fram karibu miaka mitatu, Tara haikutimiza mwaka mmoja na nusu, kwa maana barafu imekuwa nyembamba na nyepesi, na upepo huisukuma upesi. Kisha ikaja merikebu ya Kijerumani, Polarstern, mwezi wa Oktoba mwaka 2019, na ndani yake wataalamu wa mataifa mengi wakipokezana. Hao nao walisoma vipimajoto gizani kwa zamu na kushusha vyombo katika tundu la barafu. Mwisho wa Julai mwaka 2020 kipande cha barafu walichokikalia kilivunjika karibu na Greenland, katika mlango wa bahari uitwao Fram.

Fram yenyewe imewekwa katika nyumba yake mjini Oslo, na mtu aweza kupanda ndani akaona nguzo za Archer. Na merikebu tatu za uchunguzi, moja baada ya nyingine, zimeitwa Dr. Fridtjof Nansen, ya kwanza ilianza kazi mwaka 1975, ya pili mwaka 1993, na ya tatu mwaka 2017. Merikebu hizo hazikuundwa kwa ajili ya barafu. Zimetumwa na Norwe pamoja na Umoja wa Mataifa katika bahari za joto, nazo zimepita mbele ya pwani ya Kenya na Tanzania, zikihesabu samaki na kupima joto na chumvi ya maji.